Re: Kumpigia mama simu kutoka Dubai

> Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimehamia Dubai kikazi. Nikimpigia mamangu Kisauni kwa WhatsApp simu haishiki, ujumbe ndio unapita. Laini ya kawaida nayo inanimaliza mshahara. Mnafanyaje?

Waaleikum salaam dada. Simu yako ni nzima. Imarati wamefunga simu za WhatsApp, wanaruhusu programu zenye kibali kama BOTIM. Mwambie kijana yeyote wa hapo nyumbani amwekee mama programu hiyo hiyo. VPN, ile programu ya kuzunguka vizuizi vya mtandao, usiiguse, faini yake huko si ya mchezo.

Kisa ni biashara, mimi naona hivyo. Ukipiga +254 kwa laini ya kawaida, kampuni ya huko inailipa ya Kenya ada kwa kila dakika inayopokelewa, na wewe unakamuliwa ya wote wawili. Simu ya intaneti inaikwepa ada hiyo kabisa. Moroko kampuni za simu zilizifunga simu hizi Januari 2016, watu wakaja juu, na kabla mwaka haujaisha zikafunguliwa.

Kenya wameshika njia nyingine: dakika zikipungua, uza bando. Kumbukeni kabla ya 2009, wakati simu za ng'ambo zilipitia setilaiti, unasema "halo" halafu unangoja. Mwaka huo nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zikatia nanga Mombasa kwetu. Safaricom yenyewe ina hisa TEAMS! Kwa hiyo simu ya intaneti inayoila Safaricom dakika zake inaweza kupita kwenye waya wake mwenyewe, na mama analipia.

> Na mama analipia

Hapo ndipo, kaka. Sisi huku tuko kwenye WiFi ya kazini tunasema simu ni bure, kumbe bando linalokatika ni la mama. Tena tunataka video, tuone wajukuu, tuone biriani, na video ndiyo inayokula data. Sauti hula kidogo sana. Mimi nikituma M-Pesa ya matumizi naongeza ya bando na kumwambia wazi hii ni ya simu, la sivyo inaishia sokoni Kongowea.

Dada, laini ya kawaida usiitupe lakini. Mama akizima data usiku, hakuna programu itakayomwamsha. Likitokea la msiba, piga +254, ada zake zilipe tu.