Watafiti wa chuo wanarudi shuleni kwetu, tudai nini?

Wakuu, naomba ushauri. Mimi ni mwalimu wa taaluma, shule ya msingi ya serikali wilayani Kilosa. Mwaka juzi walikuja watafiti wa chuo kikuu kimoja, barua ya Katibu Tawala na ya Mkurugenzi mkononi, wakapima usomaji wa darasa la pili. Wiki nzima vipindi vilisimama. Matokeo? Hadi leo hatujaona hata karatasi moja (soda tulikunywa, nakiri). Sasa wanarudi, safari hii wanauita "ushirikiano", na mwalimu mkuu kaniachia nizungumze nao. Naweza kudai maswali ya utafiti tuyapange pamoja, na ripoti ya Kiswahili itufikie kabla ya kikao cha wazazi? Makubaliano hayo asaini nani, shule au halmashauri?