Tupeane uzoefu: Mliowahi kuorodhesha makaburi ya ukoo kwenye mahame huku Kusini

Mjukuu wa Hame

Wakuu, salaam. Nimerudi juzi kutoka kijijini kwetu, wilaya ya Ruangwa. Mwili bado unawasha upupu, na mkononi nina daftari lenye makaburi 43. Yenye majina ni 19. Naomba tupeane uzoefu, maana naona kazi hii niliianzia mwisho.

Kwa ambao si wa huku: mababu zetu wengi hawakuzikwa kijijini tunakoishi leo. Wako mahame. Zamani watu walikaa kiukoo, kila ukoo na miembe yake na makaburi yake. Ilipokuja Operesheni Vijiji, ile ya 1973 hadi 1976, watu wakasogezwa barabarani. Nyumba za miti na udongo zikaanguka zenyewe, makaburi yakabaki. Wazee waliendelea kurudi kufyeka kila kiangazi hadi miguu ikawakatalia, na pori nalo likarudi kwao. Siku hizi hame unalitambua kwa miembe mikubwa iliyosimama mahali pasipo na mtu. Wanaofika huko ni wachimba ming'oko (viazi vya porini) na watega ndege.

Basi mimi nikaenda kisomi. Simu yenye chaji, futi kamba, vijana wawili wa mjomba wenye mapanga. Siku mbili tumefyeka, nimepiga picha kila jiwe, nimelipa namba. Jioni ya siku ya pili nikampelekea bibi, mdogo wake bibi mzaa mama, anisomee majina. Akaishika simu, akaiweka mbali na macho, akaileta karibu. Akasema, "Mjukuu wangu, haya ni mawe."

Alikuwa sahihi. Picha 43 za mawe, hata mimi nisingezitofautisha bila namba.

Kesho yake tukampakia kwenye bodaboda katikati ya vijana wawili, kilomita kama saba, na kipande cha mwisho akabebwa mgongoni huku akilalamika kwamba njia si hii. (Kweli haikuwa hiyo.) Alipofika akaukalia mzizi wa mwembe, akavua kanga ya kichwani, akaanza kutaja. Hakutaja kwa namba zangu. Alitaja kwa kufuatana: huyu ndiye wa kwanza kulala hapa, huyu alimfuata dada yake msimu huohuo, pale nilisimama na mama yako mgongoni wakati wanafukia. Akiniambia "aliyepo miguuni kwa fulani", mimi nafukuzana na namba 27 iko wapi, maana nilihesabu kwa njia niliyopita na panga. Saa tano jua likawa kali, akachoka, tukamrudisha. Tukaishia 19.

Nyie mlifanyaje?

Mwalimu Mstaafu (Masasi)

Hongera kijana, wengi wanaishia kusema. Nikuulize: ulipomwuliza bibi jina, ulimwuliza lipi?

Mtu wa kizazi kile alikuwa na jina la utotoni, akienda jando au unyago akatoka na jingine, na lile la kwanza ukimwitia ni kumtukana. Akibatizwa au akisilimu anapata la tatu. Akizaa anaitwa kwa mtoto wake. Huku Masasi misheni ya Waanglikana ipo tangu 1876, ilipoanza na watu waliokombolewa utumwani, kwa hiyo kuandika watu ni mazoea ya siku nyingi. Mimi nilibahatika kuonyeshwa kitabu cha maziko cha kanisa letu, nikakuta Yohana amezikwa 1931 mahali ambapo najua ni kwetu. Nikauliza ukoo mzima, hakuna anayemjua Yohana. Nikamwandika kama mgeni. Miaka minne baadaye, kwenye msiba mwingine kabisa, mtani mmoja katika kuchezea marehemu akalitaja jina la jando la babu yetu na kuongeza "Yohana wa kulazimishwa". Watu wakacheka. Mimi nikatoka nje kutafuta kalamu.

Kwa hiyo daftari langu sasa lina nafasi nne za majina kwa kila kaburi, na pembeni naandika nani kaniambia na lini. Wazee wawili wakipingana siamui, naandika wote.

Miaka nayo usiulize kwa namba. Nilipouliza "alifariki mwaka gani?" nilijibiwa "zamani". Nilipouliza "treni ya karanga ilikuwa bado inapita?" mzee alinyanyuka kitini. Reli ile ya mradi wa karanga wa Waingereza ilifungwa 1962, kwa hiyo hapo tayari umepata ukuta wa kuegemea. Wa pwani waulizeni kimbunga cha 1952.

Shangazi wa Chikongola

Mimi nina aibu ya kuungama. Makaburi yetu yana saruji, maandishi yalichorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Kila mwaka kabla ya Ramadhani nilikuwa natuma hela ya chokaa wapake, yapendeze. Miaka kumi na mbili ya chokaa juu ya chokaa. Mwaka jana naenda kuandika majina, herufi zimejaa, naona ubao mweupe. Kijana mmoja akataka kukwangua kwa brashi ya chuma, tukapoteza jina zima la kaka yangu kabla sijamzuia.

Msikwangue. Maji matupu na brashi laini, taratibu, na muwe na subira.

Kijana wa Tandahimba

Kuongezea kwa shangazi: jua la saa sita halisomi kaburi. Nenda saa kumi na mbili asubuhi au jioni jua likiwa limelala, kivuli kinaingia kwenye herufi. Ukichelewa, chukua kioo cha kujitazamia, mwenzako asimame pembeni aelekeze mwanga ulipige jiwe kwa ubavu. Mimi nilisoma "AMEFALIKI" na tarehe yote kwenye saruji niliyoipita mara tatu. Na mliandike hivyohivyo "amefaliki", msisahihishe, aliyeandika ni mtu wa ukoo naye.

Halafu GPS ya simu. Nilinakili namba kwenye karatasi, nikasahau ile alama ya kutoa mbele ya digrii 10. Kaka yangu wa Dodoma akaziingiza kwenye ramani, akanipigia: "Babu amezikwa Ethiopia?" Kumbe bila ile alama unavuka ikweta. Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo naitwa Mhabeshi.

Mjukuu wa Hame

😂😂 Mhabeshi karibu. Nimekimbilia kuangalia zangu, ziko salama. Ila chini ya mikorosho simu inayumba mita nyingi tu, makaburi matatu yamerundikana sehemu moja.

Kijana wa Tandahimba

Ndiyo maana chukua namba ya mwembe mmoja tu palipo wazi, mengine yote pima kwa kamba kutoka hapo na uchore kwenye karatasi. Karatasi haiyumbi.

Mcha Mungu 71

Wafu waacheni wapumzike. Mnawahesabu ili iweje?

Mzee wa Mikindani

Ndugu yangu, kuzuru makaburi kumeruhusiwa, na utamwombeaje dua mtu usiyemjua jina? Tuendelee.

Kwetu kuna kaburi lenye jiwe la herufi za Kiarabu, Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi hizo. Ukoo mzima tulikuwa tunajivuna kwamba babu alifariki 1308 Hijria, yaani 1890 au 1891, kabla hata Mjerumani hajatulia. Nikampeleka ustadhi mgeni. Akapangusa, akaniuliza nani kawasomea. Tano ya Kiarabu ni duara, inafanana na sufuri yetu hii. Sufuri yao ni nukta tu. Jiwe linasema 1358. Hiyo ni 1939, au mwanzoni mwa 1940. Babu tumempunguzia miaka hamsini siku moja. Kuna shangazi hajanisamehe.

Jingine kwa makaburi yasiyo na maandishi. Huku kusini kibla iko kaskazini. Muislamu analazwa ubavu wa kulia uso kibla, kwa hiyo kichwa kinakuwa mashariki. Wakristo kwa mapokeo ya zamani kichwa huwa magharibi. Makaburi yote yanalala mstari mmoja, lakini ukiona jiwe kubwa la kichwani liko upande huu au ule, umepata fununu ya dini ya marehemu au ya waliomzika. Fununu tu, maana mawe nayo huhamishwa na wachunga mifugo na nguruwe pori.

Mama wa Newala

Wanangu, nyote mmeongea habari za mawe na simu. Mimi nawapa habari za watu.

Nilipoanza kuandika makaburi yetu nilimtafuta baba yangu mzazi humo, sikumkuta. Nikaanza kulaumu watu kwamba wamemsahau. Mjomba akanitazama akaniuliza, "Baba yako ni wa kwetu?" Nikanywea. Huku kwetu ukoo unafuata mama. Baba yangu alikuja kuoa, akaishi hapa miaka arobaini, akazaa tisa, alipofariki ndugu wa mama yake wakaja wakamchukua wakamzike kwao. Kwa hiyo makaburi ya ukoo mmoja hayakupi familia nzima, labda uende matatu au manne. Ukimkosa mwanamume katika orodha yako, mtafute kwa mama yake.

Na kabla ya kufyeka jani lolote, nenda kwa mjomba mkubwa. Usipige simu, nenda ukakae chini. Mwanangu wa Dar alipokuja na kamba ya kupimia bila kuaga, jioni ileile habari zikavuma kwamba shamba linauzwa. Si uchawi huo. Kwetu makaburi na mikorosho ndivyo vinavyosema hapa ni pa nani, sasa mtu akipima makaburi wewe ungefikiri nini? Ilitugharimu vikao viwili kutuliza. Mara ya pili tulikwenda na mjomba, akaweka unga chini ya mti akawaambia wa chini kwamba wajukuu wamekuja kuwaandika, wasishtuke. Walio Waislamu wakasoma Fatiha yao. Hapo hata bibi mmoja aliyenuna wiki nzima akaanza kutaja watoto wake wachanga, ambao hawakuzikwa pale kabisa, walizikwa nyuma ya nyumba. Ilipokuwa nyumba ile sasa ni shamba la mihogo.

Msafiri wa Kilwa Road

Mama amegusa penyewe. Kwetu mkoa wa Lindi ulipita mradi, sitautaja. Wathamini walikuja wakahesabu makaburi ya saruji tu: sita. Marehemu kaka alikuwa amechora ramani kwenye daftari la shule, makaburi 17, kila moja na hatua kutoka mbuyu, majina na saini za wazee watano. Tukalipeleka kwenye kikao pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Wakarudi tena, safari hii na wazee. Sheria ya kuhamisha makaburi ipo tangu 1969, na fidia yake inahusu gharama za kuhamisha na kuzika upya, pamoja na za matambiko. Lakini kaburi lisilojulikana lipo halilipwi na, baya zaidi, linapitiwa na greda.

Wawili hatukuwapata mifupa yao, udongo wetu unakula. Tulichukua udongo wa pale pale tukauzika kwa jina.

Mjukuu wa Hame

Nimesoma zote, mengine mara mbili. Mwalimu, umenishtua: bibi alinitajia mwanamke mmoja mara mbili kwenye makaburi mawili tofauti, nikadhani amechoka. Sasa nahisi ni wawili, mmoja alirithi jina la mwenzake. Mama wa Newala, shikamoo sana. Mjomba nilimpigia simu tu, tena nikiwa nimeshafika. Nitarekebisha.

Mpango wangu ni kurudi kabla mvua hazijaanza, korosho zikiwa zimeanza kudondoka na vijana wapo mashambani. Safari hii bibi aende wa kwanza, mimi nimfuate na karatasi, namba nizipange kwa mpangilio wake. Nimemnunulia kiti cha kukunja.

Jana usiku kanipigia kwa simu ya jirani. Amemkumbuka yule wa jiwe jeusi, namba 31. Nikamwambia subiri bibi nichukue kalamu. Akasema weka kalamu chini, huyo hasemwi kwenye simu, njoo.

Nimeshakata tiketi ya Ijumaa.