Programu ya baada ya digrii kabla ya udaktari Marekani: nichague kwa kigezo gani?

mwenge_columbus:
Wadau, habari za humu. Nina digrii ya baiolojia ya hapahapa Marekani, krediti 120, GPA (wastani wa alama, juu kabisa 4.0) 2.9. Masomo ya sayansi peke yake, krediti 40, ni 2.6. Naona Bryn Mawr, Goucher na Scripps zinasifiwa mno, na kuna programu nyingine inadai asilimia 90 ya wanafunzi wake huingia chuo cha udaktari wa tiba. Ada zinatisha. Nianzie wapi?

daftari_la_maabara:
Hizo tatu zifute kwanza, ndugu. Ni za watu waliosoma historia au uhasibu, hawajagusa kemia ya chuo. Wewe masomo unayo, kilichokuangusha ni alama. Tafuta programu za kuboresha rekodi, zenye masomo ya juu: biokemia, fiziolojia, jenetiki, baiolojia ya seli. AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari Marekani, wana orodha mtandaoni unayoweza kuichuja kwa aina.

Halafu piga hesabu kabla ya kulipa. Krediti 30 za A tupu zinakutoa 2.9 hadi 3.12. Basi. Ila zikiwa zote za sayansi, ile 2.6 inafika 3.2, na AMCAS, fomu ya pamoja ya kuomba vyuo vya udaktari, inaonyesha miaka ya baada ya digrii kwenye mstari wake. Msomaji wa faili anaona ulivyopanda. B mbili tatu zikiingia, hoja yako inalegea.

Kurudia somo hakufuti alama ya zamani, zote mbili huhesabiwa. AACOMAS, fomu kama hiyo ya vyuo vya osteopathi (tawi jingine la udaktari), nayo iliacha kufuta mwaka 2017. Rudia lile la C- kushuka chini, kwa kuwa vyuo vingi havilipokei. Mengine songa mbele.

bi_krediti:
Hiyo asilimia 90, uliza ni ya nani. Walioanza, au waliomaliza wakapewa barua ya kamati ya kuwapendekeza? Programu inaweza kuwanyima barua wenye alama hafifu, kisha ikawahesabu waliobaki. Uliza pia kama wamechanganya na waliokwenda udaktari wa meno.

Usirukie masta maalumu ya wanaojiandaa kwa udaktari, kama ya Georgetown. Alama zake hukaa kwenye safu ya masta, hazipandishi GPA ya digrii ya kwanza hata nukta. Na unasoma kwa kasi ya mwaka wa kwanza wa udaktari. Ukifeli hapo, utetezi umekwisha. Kwa aliye chini ya 3.0 naona masomo ya ngazi ya digrii ndiyo yatangulie. Chuo cha jimbo, kulipa kwa krediti, kinaweza kutosha kabisa, ila barua za walimu za kukupendekeza utazifukuzia mwenyewe.

Mkopo: programu isiyotoa digrii inaweza kupata mkopo wa serikali kuu kwa miezi 12 mfululizo tu. Ikiwa ni ya miaka miwili, mwaka wa pili unautoa wapi?

mwenge_columbus:
Asante sana. Na zile zenye mkataba na chuo cha udaktari, kwamba unaingia bila mwaka wa kusubiri?

daftari_la_maabara:
Zinaokoa mwaka, lakini unajifunga na chuo kimoja, na kuna kiwango cha GPA na MCAT (mtihani wa kuingilia udaktari) cha kufikia. Wengi wa wanaonufaika ni wale wa fani nyingine. Wewe panga MCAT iwe Januari hadi Aprili baada ya biokemia, isigongane na mitihani ya muhula. Matokeo huchukua kama mwezi, na fomu ya AMCAS hufunguliwa Mei.

kisiwani_mn:
Samahani kwa kudandia. Digrii ya Dar es Salaam je?

bi_krediti:
AMCAS haiingizi alama za nje kwenye GPA, dada. Vyuo vingi vinataka krediti za Marekani, vingine digrii nzima ya hapa. Kabla ya kujiandikisha popote, andikia vyuo vitano unavyovilenga, uulize mambo mawili: krediti ngapi za hapa, na kama wanapokea asiye na green card. Majibu yao yahifadhi kwa maandishi.