Vikeki vya Idi na watoto watatu: tuvipambe lini, na kwa kitu gani kisichoyeyuka?

Mama wa Watatu, Mwembeladu

Assalamu alaikum. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo kwa mtu mzima ni dogo, lakini nyumbani kwangu mwaka jana lilimaliza furaha ya sikukuu kabla haijaanza. Nina watoto wa miaka 10, 7 na 4, nao wamenibana mpaka nimewaahidi kwamba tutaoka tena vikeki vya vikaratasi na kuvipamba kwa mwezi na nyota, ili asubuhi ya sikukuu mosi wawapelekee majirani pamoja na visheti.

Mwaka jana tulivioka mchana wa mwezi 29, tukavipaka krimu ya siagi, na usiku ule mwezi haukuandama. Friji ilikuwa imejaa nyama ya pilau, kwa hiyo vikeki vikalala mezani, na ilipofika alasiri ya siku ya pili nyota zote zilikuwa zimeteremka sahanini. Yule mdogo alilia akidhani kuwa ni yeye aliyeviharibu.

Nataka kujua nipambie kitu gani kisichoyeyuka, nioke lini ilhali siku ya Idi haijulikani, na kila mtoto nimpe kazi gani ili wasigombane. Oveni yangu ni ndogo, ya umeme, na inaingia vikeki 12 kwa mara moja.

Bi Mkubwa wa Mkunazini

Waalaikumu salaam, mwanangu. Mtoto hana kosa, na wewe huna. Kosa ni la krimu. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35, na huanza kulegea mapema zaidi ya hapo, sasa itasimama vipi katika chumba cha Mjini wakati wa kaskazi, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi? Wala usitegemee kwamba mwakani kutakuwa na nafuu, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa miaka kadhaa ijayo Idi el-Fitri itatukuta katika joto hilohilo.

Tumia sukari ya unga na ndimu. Chekecha gramu 250 za sukari ya unga, kisha tia maji ya ndimu kijiko kikubwa kimoja kimoja, ukikoroga, mpaka vifike viwili na nusu au vitatu. Ukitaka kujua kama imekuwa sawa, inua kijiko na uchore mstari juu ya bakuli: mstari ukipotea papo hapo, ni nyepesi, ongeza sukari, ukikaa kidogo ndipo upotee, ipake. Baada ya saa moja au mbili itaganda juu, na haitajali tena kama mwezi umeandama au la. Rangi ya maji uitie kwa tone, kwani matone mengi huirudisha kuwa uji. Mimi kwa nyota za manjano hutumia zafarani iliyorowekwa katika kijiko cha maji ya moto, kwa rangi na kwa harufu pia.

Baba wa Pacha, Fuoni

Naunga mkono, isipokuwa mistari myembamba ya nyota haitoki vizuri kwa ndimu peke yake. Sisi hupiga ute wa yai moja na sukari ya unga mpaka ikawa nzito, tukaitia katika mfuko wa plastiki safi uliokatwa pembe, na watoto wakachora wenyewe. Inakauka ngumu kama chokaa.

Mkunga Mstaafu, Wete

Ndugu yangu wa Fuoni, kuchora kwake ni kuzuri, lakini ute huo ni mbichi, na yai bichi linaweza kubeba salmonela, vijidudu vinavyoharisha na kutapisha, na mtoto wa miaka minne huishiwa maji mwilini upesi kuliko sisi. Vikeki hivi vitakwenda kwa majirani, na huko wamo wajawazito na wazee. Mistari myembamba itapatikana kwa sukari ileile ya Bi Mkubwa ikiwa imepunguzwa ndimu na kufanywa nzito. Na kama mtanyunyizia korosho au lozi, waulizeni kwanza watakaokula, kwani wapo watoto ambao karanga na jamii yake huwadhuru.

Baba wa Pacha, Fuoni

Nimekubali, bibi. Mfuko wa pembe lakini nabaki nao.

Mwokaji wa Chake Chake

Mama wa Watatu, usioke mchana. Oka usiku wa kuamkia mwezi 29, baada ya tarawehe. Mayai 4, na unga, sukari na siagi gramu 200 kila kimoja, beking pauda vijiko vidogo 2 na iliki iliyotwangwa. Utapata vikeki vidogo 20 hivi, yaani mizunguko miwili ya oveni yako. Katika joto letu siagi huwa imekwisha kulegea kabla hujaishika, na siagi iliyolegea mno haishiki hewa unapoipiga na sukari, kwa hiyo iweke kwanza kwenye friji kwa muda mfupi. Jaza kila kikaratasi theluthi mbili tu, oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 18 hadi 20, na usifungue mlango kabla ya dakika 15, kwani keki ambayo haijashika katikati huanguka. Umeme ukikatika, usihuzunike: sufuria zito, mchanga kidogo chini, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, kama tunavyooka mkate wa mayai. Wa Unguja mliopitia giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010 hamhitaji kufundishwa hilo.

Kupamba mfanye jioni ya mwezi 29, baada ya kufuturu, wakati mnasubiri tangazo la mwezi. Watoto hawajasinzia, na wa miaka 10 aliyefunga hatajikuta analamba kidole kwa kusahau. Mkubwa apime na achore, wa kati apasue mayai katika kikombe cha pembeni, moja moja, ili ganda au yai bovu lisiingie kwenye mchanganyiko, na mdogo apange vikaratasi kisha apewe vikeki vyake vinne ambavyo hakuna atakayevirekebisha. Hilo la mwisho lishike sana. Ukivinyoosha vya kwake mbele ya nduguze, ndipo ugomvi unapoanza.

Mama wa Watatu, Mwembeladu

Nawashukuru nyote. Nimebaki na moja: vikaratasi vyangu hubanduka vyenyewe na kuachia pembeni. Na mwezi usipoandama, niviweke kwenye friji sasa, maadamu haviyeyuki?

Mwokaji wa Chake Chake

Vikaratasi hubandukishwa na mvuke. Vitoe kwenye trei baada ya dakika tano, vipoe juu ya waya, na usivifunike mpaka vimepoa kabisa. Friji usiitumie, kwa sababu vikitoka humo kwenye hewa yetu yenye unyevu vitatoka jasho na rangi zitachuruzika. Sukari ikishaganda, viache juu ya sinia, ufunike kwa kawa, na sinia uliweke juu ya bakuli lililopinduliwa katika beseni la maji, ili sisimizi wasifike. Siku moja zaidi vitaivumilia.

Mama wa Watatu, Mwembeladu

Kawa ninayo, ya marehemu bibi. Kesho nakwenda Darajani kutafuta sukari ya unga na vikaratasi, na mdogo ameshasema kwamba vyake vinne vitakuwa na nyota tu, kwa sababu mwezi bado haujaonekana.