Tupeane uzoefu: picha yako ya kwanza ya simu iliyotoka sawasawa uliipataje?

Mwanzisha uzi, Mji wa Kale

Salaam aleikum wapendwa. Naomba tupeane uzoefu wa kupiga picha kwa simu, hasa sisi tulioanza bila kufundishwa na mtu. Naanza mimi.

Nilitaka picha ya nyanya yangu, miaka 80 na ushei. Nikamtoa nje saa saba mchana, nikamsimamisha mbele ya mlango wa nakshi wa jirani, nikapiga kama 30 hivi. Zote macho yalitoka mashimo meusi na kipaji king'ara kama bati. Nikajua simu ndiyo mbovu, nikaanza kuulizia bei ya nyingine.

Jioni ile ile nikamkuta ameketi mkekani karibu na mlango wa uani, anapeta mchele. Mwanga ulikuwa wamjia upande mmoja, laini. Nikachuchumaa nikawa sawa naye, nikapiga tatu tu. Katika ile ya pili waona pumba zikipaa juu ya uteo, na pete yake ya fedha, na mikunjo ya vidole yote. Simu ni ile ile.

Hapa Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta. Saa sita jua liko utosini, nyusi zinatia macho kivuli, na hakuna filta ya kuliondoa hilo. Siku hizi napiga asubuhi kabla ya saa mbili, ama kuanzia saa kumi na moja jioni. Ikibidi mchana, namweka mtu kwenye kivuli cha baraza, uso uelekee penye mwanga. Na vichochoro vyetu vinasaidia sana: ukuta wa chokaa wa upande wa pili wamrudishia mtu mwanga usoni, kama kwamba umetandaza shuka nyeupe mbele yake.

Haya, karibuni.

Wa Likoni

Mimi langu fupi: futeni lenzi. Chumvi ya baharini na mafuta ya vidole hukaa pale bila kuonekana, picha zote zikawa na ukungu na kila taa ikawa na miale. Tumia kitambaa cha miwani. Na ukitoka chumba chenye eyakondishena, ngoja kidogo, maana hewa ya nje hutia kioo mvuke.

Wa Kisauni

Aleikum salaam. Mimi nilifunzwa na harusi ya ndugu yangu. Mpiga picha alichelewa, nikaambiwa nishike simu. Kanzu za wazee zikatoka kijivu. Mamangu na khalati zangu walikuwa na mabuibui, nayo yakatoka kijivu, tena nyuso zikafifia kabisa. Niliumia, kwa sababu siku ile hairudi.

Nimekuja kuelewa baadaye. Kamera haijui kanzu wala buibui. Yenyewe huchukulia kwamba chochote kilicho mbele yake kina mwanga wa kati, basi kikiwa cheupe hukitia giza, kikiwa cheusi hukiongeza nuru. Dawa yake: gusa uso wa mtu kwenye kioo, kisha buruta kidole taratibu. Kwenye buibui shusha mwanga, kwenye kanzu pandisha. Kwenye simu nyingi ukishikilia kidole hapo, kipimo kinajifunga, hakibadiliki mtu akisogea.

Na la adabu, ambalo kwangu ni zito kuliko yote: si kila mama ataka sura yake izunguke kwenye simu za watu. Omba ruhusa kwanza. Akisema futa, futa akiona.

Wa Majengo, auza leso

Wateja walikuwa wakinirudishia mzigo, "rangi si hii." Na kweli haikuwa hiyo. Nilikuwa napiga dukani, taa ya juu imewaka na dirisha liko wazi, mwanga wa aina mbili, basi nyekundu inakaribia kuwa machungwa. Sasa nazima taa, naitandaza leso karibu na dirisha.

Leso lazima jina, yaani ule msemo ulioandikwa, lisomeke, maana wengi hununua jina kabla ya rangi. Nimewasha ile mistari ya miraba tisa kwenye kamera, nasimama juu ya kigoda, nailenga kutoka juu kabisa mpaka pindo lilingane na mstari. Ikipinda kidogo tu, mji wa leso, ile sehemu ya kati, unaonekana umevutwa. Kisha napiga nyingine ya jina peke yake, nikisogea mwenyewe. Sivuti kwa vidole, kwani kuvuta sana ni kuikata picha na kuitanua tu. Na kwenye WhatsApp tumeni kama hati, la sivyo hubanwa na maandishi yakavurugika.

Wa Tudor

Kwenye Ngome ya Yesu nilikuwa nataka kuingiza ukuta wote, ukatoka kama boksi. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596 kwa mawe ya matumbawe, na uzuri uko kwenye mawe yenyewe. Nendeni jua likiwa chini, mwanga upite ubavuni mwa ukuta, kila kitundu kitatoka. Wekeni na mtu pembeni, urefu wake ujulikane.

Mwanzisha uzi

Ahsanteni sana, la kanzu sikulijua. Ile ya nyanya nimeisafisha kwa karatasi, ameiweka kando ya kitanda. Swali: mashua zikirudi alfajiri Bandari ya Kale, zangu zote hutikisika. Nifanyeje?

Wa Likoni

Mwanga wa alfajiri ni mdogo, kamera hukawia kufunga jicho. Egemeza viwiko ukutani, iweke kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde 3 ili kidole kisiisukume simu. Na usipige mashua ikiwa mwendoni. Ngoja wakishusha tanga.