Fundi kafungua hedi (vichwa vya silinda) zote sita za Scania yangu, kumbe shida ni kompresa ya upepo wa breki!!

Wakuu nina hasira hata mikono inatetemeka, niacheni niseme.

Gari ni Scania 124, injini lita 12, naendesha mwenyewe Dar–Tunduma. Tambarare mshale wa joto umetulia, ila nikianza tu kupanda mlima Kitonga na tani 28 za mbolea unapanda, maji yanatapika kwenye tenki dogo, napaki, tanboi anaweka jiwe tunasubiri ipoe tunaongeza maji tunasogea tena. Nikashusha mzigo nikarudi Dar mdogo mdogo nikampelekea fundi, gereji yenye jina kabisa. Kafungua kizibo, kaona mapovu, hapohapo: "Gasketi za hedi hizo bosi, tunashusha." Yaani eti vizibio kati ya hedi na injini vimeungua, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Basi! Hajapima presha, hajagusa hosi, hajauliza inachemsha ukiwa wapi.

Na kabla ya hapo akang'oa thamostati, kile kilango kinachofunguka maji yakipata moto, eti maji yapite vizuri. Jamani hii tabia iachwe! Kwenye injini hii thamostati ikifunguka inaziba pia ile njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini, ukiitoa maji mengine yanazunguka humohumo bila kufika kwenye rejeta yakapoe, mlimani ndo inazidi kuchemka. Kama unaishuku ichemshe kwenye sufuria na kipimajoto, uone kama inafunguka karibu na digrii zilizogongwa juu yake.

Injini hii kila silinda na hedi yake, kwa hiyo kashusha sita, kapeleka kukwangua, gasketi mpya, siku 9 gari juu ya mawe, milioni 3 na laki 4 zimetoka mfukoni mwangu. Nikapakia, nikafika Kitonga, ikachemsha kona ileile!!

Nikajikokota mpaka Ilula, kuna mzee anatengenezea malori chini ya mti. Yeye alikaa kwanza. Injini ikiwa ya baridi akafungua kizibo, akaniambia washa, kanyaga breki mpaka upepo ushuke. Akainamia tenki. Mitungi ya upepo ikiwa inajaa mapovu yanakuja mfululizo, ikishajaa draya (ile ya kukausha upepo) ikitema pshiii, mapovu yanakata. Nikakanyaga tena, yakaanza tena. Akasema mwanangu, moshi wa silinda haujui breki zako, huo ni upepo wa kompresa. Akafungua mabomba mawili ya maji ya injini yanayopoza kompresa akayaunganisha yenyewe kwa yenyewe, tukawasha kidogo tu, mapovu hakuna. Kufungua kichwa cha kompresa, gasketi imeungua, pengo kama upana wa kucha, upepo unasukumwa humo kwenye maji, maji yanatapikwa nje na injini inabaki na hewa ndani. Kupima kote hakujafika nusu saa!

Nimempigia yule wa Dar, anasema "hedi nazo zilikuwa zimechoka". Nani alizipima? Kwa kifaa gani? Mbona hakuniambia siku ya kwanza? Namdai hela ya ufundi na thamostati yangu aliyobaki nayo.

Gasketi iliyoungua ninayo kwenye dashibodi, nikishuka Dar naingia nayo gereji kwake. Kuna aliyewahi kudai fundi akarudishiwa hela? Alianzia wapi, polisi au serikali ya mtaa?