Nyanya za uani Dar: masika zinaungua, kiangazi zinaoza kitako

Wakuu, nina uani wa mita 3 kwa 4, nyanya ziko kwenye ndoo za lita 20. Aprili majani yalipata mabaka ya kahawia, mashina yakaoza. Sasa matunda yanaweka weusi chini. Nipande nini, lini?

Mzee wa Tuta: Masika usishindane na nyanya. Majani yakilowa siku nzima, bakajani, ule ugonjwa wa ukungu wa mabaka, halikwepeki. Machi hadi Mei weka matembele: pingili za sentimita 30, vifundo viwili ardhini, tuta liinuke sentimita 20 maji yapite. Mbegu za nyanya sia mwanzoni mwa Mei kwenye trei iliyokingwa mvua, hamisha miche baada ya siku 25 hadi 30, izae kwenye ubaridi wa Julai na Agosti.

Bi Mchicha: Weusi wa kitako si wadudu, dawa ya duka haitasaidia. Ndoo ikikauka kisha ikafurikishwa, kalisi (madini ya chokaa) haifiki kwenye tunda. Mwagilia kidogo asubuhi na jioni, funika udongo kwa nyasi kavu, punguza yurea. Na hiyo ndoo ina matundu chini?

Muuliza swali: Tundu moja tu.

Bi Mchicha: Toboa sita, upana wa kidole. Mche mmoja kwa ndoo, usizidishe.

Mzee wa Tuta: Vuli sia mchicha, mbegu uchanganye na mchanga zisirundikane. Wiki ya nne unang'oa.